Kiti Kinachoishia Kwenye Lami

Tuktuk imeundwa kwa abiria watatu. Ile iliyosimama mbele ya kibanda cha mahamri mtaani Kisumu Ndogo, Malindi, jua likiwa bado halijachomoza, ilipakia watoto tisa huku nikihesabu. Watano walibanana kiti cha nyuma, wawili walipakatwa, na wawili walikaa ubavuni mwa dereva, mmoja huku na mmoja huku, mabegi yakining'inia nje. Dereva, kijana asiyezidi miaka ishirini na mitano, alikuwa na kidaftari mfukoni, na watoto aliwaita kwa kazi za wazazi wao: wa fundi, wa mama samaki, wa mwalimu. Wa kumi alikuwa mvulana wa miaka saba hivi, soksi kazivuta mpaka magotini. Yeye hakuitwa.

"Mama, mwezi umekatika siku nane sasa," dereva alimwambia mwanamke aliyemshika mtoto mkono.

"Nisitiri mpaka Ijumaa, baba."

Dereva akachungulia ndani ya tuktuk yake kana kwamba kuna pembe aliyoisahau. Kisha akateremka, akampandisha mvulana, akarudi kukaa upande upande, nusu ya mwili ndani na nusu nje, wakaondoka. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa, nikawatazama mpaka wakapinda kona ya barabara kubwa.

Nilikuwa nimefika Malindi kutoka Tanga kumzuru mwalimu mmoja mstaafu tuliyejuana miaka mingi. Njia yenyewe ilinifanya nijione sijatoka kwetu. Ukishavuka mpaka wa Lungalunga na kivuko cha Likoni, ukaiacha Mtwapa nyuma, unakutana na mkonge wa Vipingo, safu kwa safu, vichwa vya miiba vimeelekea juu, na mtu wa Tanga hawezi kuuona mkonge bila kukumbuka nyumbani. Minazi ni ileile, makuti ni yaleyale, hata muwa unamenywa kwa namna ileile kando ya njia. Mikorosho tu ndiyo iliyobadili jina: huku wenyeji wanaiita mikanju.

Kisumu Ndogo haimo kwenye picha anazonunua mtalii. Ni mtaa wa vyumba vya kupanga, mabati na makuti na udongo, vichochoro vinavyopitisha mtu mmoja na ndoo yake. Jina lake ni la mji ulio kandokando ya ziwa, upande wa pili wa nchi, na asubuhi ile ziwa hilo lilikuwa karibu kwa harufu: mwanamke mmoja alikuwa anakaanga omena, dagaa kwa Kiswahili chetu, hatua chache kutoka kwa Mgiriama anayeuza mbaazi za nazi. Nilikula vyote viwili. Mahamri yalitoka kwenye mafuta yamefura, ndani matupu, yananukia iliki, na chai ya rangi hapo inaitwa turungi. Aliyeyapika ndiye mwenye kibanda, mjane wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi, na mimi siku ya pili nilikuwa namwita hivyo.

Ushangazi wake si wa heshima tu. Nyuma ya kibanda ana chumba kimoja, na humo alikuwa analala na wasichana watatu, watoto wa kaka zake wawili walioko bara, njia ya Langobaya. Wote ni wanafunzi. Mkubwa wao, wa miaka kumi na sita, ndiye aliyekuwa anahudumia meza kabla ya kwenda shule. Nilidhani wamefiwa na wazazi. Shangazi alicheka, akapangusa unga mikononi.

"Wazazi wao wako, tena wazima. Shule ndiyo iliyowaleta. Huko kwao hakuna gari la mwanafunzi."

Mwalimu, mwenyeji wangu, ndiye aliyenieleza kirefu. Mwaka 2003 Kenya iliondoa ada ya shule za msingi, na mwaka 2008 serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikaandika kwamba elimu ya msingi ya bure na ya lazima ni haki ya kila mtoto. Januari 2023 ikaanza sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, nayo ikawekwa ndani ya shule za msingi zilizokuwapo. Kwa mtoto wa bara hilo lilikuwa jambo jema sana, kwa sababu miaka mitatu zaidi alisoma palepale alipozoea kwenda kwa miguu. Lakini Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya likaingia gredi ya 10, kwenye sekondari za juu, na hizo ni chache kuliko shule za msingi na ziko mbali zaidi. Yule msichana wa meza ya mahamri ni wa kundi hilo. Alipangiwa shule ya kutwa mjini.

"Kutwa," Mwalimu alisema, akilitamka neno polepole. "Neno hilo lina maana ya kurudi nyumbani jioni. Arudi wapi?"

Nililifahamu swali lake vizuri zaidi ya alivyodhani. Nilisoma sekondari Tanga mjini nikitokea Pongwe, na ujana wangu wote ninaukumbuka kwa sauti ya konda akipaza, "Denti wawili tu!" Sisi thelathini kituoni, wawili wanaingia. Nauli ya mwanafunzi Tanzania hupangwa na serikali, na mpaka miaka ya karibuni ilibaki shilingi 200 hata pale nauli ya mtu mzima ilipopandishwa. Kwa hiyo mwanafunzi akiingia, konda huona hasara imekaa kitini. Na kukaa kwenyewe hatukukaa. Ukikuta siti tupu unasimama kando yake, maana mtu mzima atapanda mbele. Siku moja ya mtihani konda aliniteremsha katikati ya njia kwa sababu ametokea abiria wa nauli kamili. Nilifika karatasi imeshagawiwa. Nilisimulia hayo pale kibandani, na yule msichana aliacha kupanga vikombe akanisikiliza, lakini hakusema kitu.

Jumamosi mimi na yule msichana tulikwenda kwao. Shangazi alitufungia mahamri kwenye gazeti na pakiti mbili za sukari, tukapanda Probox tukiwa saba, njia ya kuelekea lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki. Malindi ya hoteli inakwisha upesi. Baada ya Kakuyuni minazi inaanza kuachana, kisha inakoma, na nyika inakupokea: udongo mwekundu, mibuyu iliyotawanyika, vichaka vya rangi ya majivu, na baiskeli. Baiskeli zilikuwa nyingi kuliko magari. Moja ilibeba magunia mawili ya makaa, nyingine madumu manne ya maji, nyingine mgonjwa aliyemkumbatia mwanawe kiunoni. Maeneo haya yalipita kwenye ukame ule mrefu wa 2020 hadi 2022, mvua zikikosa msimu baada ya msimu, na mafuriko ya mwisho wa 2023 yakaja juu ya ardhi iliyokuwa bado haijapona. Mto Sabaki tuliuona kwa mbali, maji yake mekundu kama chai iliyotiwa maziwa machache.

Mahali fulani dereva alitushusha chini ya mkwaju. Ni stegi, ingawa hakuna kibao wala kibanda. Hapo njia ya vumbi inaiacha barabara na kuingia ndani, na hapo pia, msichana alinionyesha, ndipo basi la shule moja ya kulipia linapogeuza kila asubuhi. Alama za magurudumu zilikuwa zimechora nusu duara mchangani.

Tulimkuta baba mmoja akiziba pancha kivulini. Watoto wake wawili wanasoma shule hiyo, na basi amelilipia, muhula kwa muhula, kwa mbuzi na kwa makaa. Nyumba yake iko mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu kutoka stegi. Basi haliingii ndani; njia mbaya, mafuta ghali, na kule ndani wanaolipa ni yeye na jirani mmoja tu. Kwa hiyo yeye huamka saa kumi ya alfajiri, akawapakia watoto wote wawili kwenye baiskeli, mdogo kwenye bomba, mkubwa nyuma, akawafikisha gizani wamngoje dereva.

"Nalipia kiti, mzee wangu," aliniambia, bila hasira, akikaza nati. "Lakini kiti chenyewe hakiji kwangu. Kinaishia kwenye lami."

Nilimwuliza wenye njia hiyohiyo na wasio na baiskeli hufanyaje. Akaelekeza kidole kwenye vumbi. Wanatembea, lakini hawatoki kabla ya jua kwa sababu ya ndovu. Nilisema, "Tembo wanafika mpaka huku?" Wakaniangalia, kisha msichana akamtafsiria: mgeni anamaanisha ndovu. Kwao tembo ni la mnazi, la kunywa. Ndovu hutoka Tsavo kiangazi wakitafuta maji na mahindi, na mtoto akikuta kinyesi kibichi njiani anarudi nyumbani, siku hiyo shule imekwisha. Kengele haimngojei ndovu apite. Mtoto anayefika saa tatu kila siku ataitwa mchelewaji, na baada ya muda atakuwa mtoro, na hatimaye atatajwa kwenye hesabu ya walioacha shule, bila hata siku moja kuamua kuacha.

Kwa wasichana kuna jambo jingine, na hili Shangazi alikuwa amenieleza kwa sauti ya chini, mahamri yakiumuka nyuma yake. Bodaboda humpa lifti msichana anayetembea. Leo lifti, kesho lifti na soda, na wiki ya tatu anadaiwa. Waendesha bodaboda wengi ni vijana wema, alisisitiza, na wawili kati yao humletea unga wake bila malipo. Lakini mtoto aliyechoka, mwenye njaa, aliyebakisha mwendo wa saa moja juani, hana nguvu ya kukataa kiti. "Mimi sikuwachukua hawa wasome," alisema. "Kusoma wangesoma hata huko. Niliwachukua wasipewe lifti."

Nyumbani kwa msichana tulipokewa kwa sima na mchunga uliopikwa kwa nazi kidogo, uchungu wake ukibaki ulimini muda mrefu baada ya kunawa. Baba yake alinipa kiti cha pekee kilichokuwapo, yeye akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Nilipomwamkia mama mzee wa nyumba, "Shikamoo bibi," aliitikia marahaba, akanishika mkono, hakuuachia mpaka nilipomaliza kumweleza ukoo wetu wa Tanga hadi kwa babu wa tatu. Mazungumzo yalikuwa ya mvua, ya bei ya makaa, na ya binti. Mama yake alimkagua kama mtu anayekagua kitu alichokopesha: akamgeuza, akamshika nywele, akapima mkono kwa vidole. Amekonda? Hajakonda. Mjini anakula nini? Binti akajibu kila swali, kisha akachukua dumu akaenda kuteka maji, kana kwamba hakuwa ameondoka.

Kurudi stegini jioni ya Jumapili ndipo nilipoliona basi la manjano. Lilikuwa limeegeshwa chini ya miembe ya boma moja, refu, safi, jina la shule ya sekondari ya bweni limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Palikuwa na matanga. Basi lilikodiwa kuleta waombolezaji. Sioni ubaya wa basi la shule kwenda matangani; watu wa bara nao wana haki ya kuzikana. Kilichonisimamisha ni alichosema baba wa msichana, aliyekuja kutusindikiza na begi la bintiye kichwani.

"Hilo nasi tumelichangia."

Mwanawe wa kwanza alisoma bweni kwenye shule hiyo, na kila mzazi alitoa sehemu yake. Katika maeneo mengi ya Kenya mabasi ya shule hupatikana hivyo, kwa michango ya wazazi, au kwa fedha za hazina ya maendeleo ya maeneobunge, ile iliyoanzishwa mwaka 2003, mheshimiwa akakabidhi funguo mbele ya kamera. Nami nikaona kilichopotoka. Basi kubwa linanunuliwa na shule ya bweni, ambayo watoto wake wanalala hatua mia kutoka darasani. Linawapeleka kwenye tamasha la drama na la muziki, kwenye michezo, na likizo likakodiwa. Siku za katikati ya wiki limelala. Na asubuhi hizohizo, kwenye barabara hiyohiyo, mtoto wa shule ya kutwa anatembea.

Sheria inayolipaka basi hilo manjano ilitiwa saini Januari 2017. Inataka rangi hiyo na mikanda ya usalama, na ninaiunga mkono kwa moyo wote, hasa nikikumbuka ile tuktuk ya watoto kumi. Lakini inazungumzia gari. Haisemi nani anastahili kulipanda. Ajabu ni kwamba rangi yenyewe ilizaliwa shambani. Frank Cyr, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikuwa mtu wa elimu ya vijijini. Alipowaita wataalamu mwaka 1939 kupanga viwango vya mabasi ya shule Marekani, alikuwa ameona watoto wa mashambani wakipelekwa shule kwa malori na hata mikokoteni ya farasi. Manjano ilichaguliwa ionekane mapema, alfajiri na magharibi, saa ambazo mtoto wa mbali yuko njiani. Kilichowatia wasiwasi tangu mwanzo ni mtoto wa mbali.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Jimbo la Bihar, India, lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa darasa la 9 fedha za kununua baiskeli, na wasichana wengi zaidi wakaingia sekondari. Nilimsimulia baba wa msichana nikidhani atapenda. Alifikiri kwa muda, akaniambia baiskeli anayo, ila ndiyo inayoleta maji. Ikienda shule, nyumba inalala na kiu. Sikuwa na la kumjibu.

Na nisiseme kana kwamba kwetu tumevuka. Hata zile siti mbili za konda ni za mjini. Ukienda Handeni au Kilindi, shule ya kata, mojawapo ya zile zilizotapakaa nchini kuanzia miaka ya 2000, inaweza kuwa kweli ndani ya kata na bado ikawa mwendo wa saa mbili, maana kata zetu za bara ni pana. Wanafunzi hupanga vyumba karibu na shule, tunaviita mageto. Watoto wa miaka kumi na minne wanajipikia, wanajifulia, wanajilinda, na baba mwenye nyumba ana ufunguo wa pili. Kisumu Ndogo nilikuta geto lenye shangazi ndani yake, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko nilivyoweza kumweleza Shangazi mwenyewe nilipomshukuru. Alidhani ninamshukuru kwa mahamri.

Nilimwuliza Mwalimu, usiku wa mwisho, angefanya nini kama angepewa basi moja. Alijibu upesi, kama mtu aliyekwisha kulipanga kichwani miaka mingi. Angelitoa mikononi mwa shule moja, likabidhiwe wadi. Lingelala ndani, kule vumbini, kwa dereva anayeishi huko, ili asubuhi lianze safari kwa mtoto wa mwisho, si kwa mtoto wa karibu. Lingepita shule zote za kutwa zilizo njiani. Mchana lingefanya kazi ya zahanati, Jumamosi liende sokoni na matangani, na nauli hiyo ndiyo ingenunua mafuta ya Jumatatu. "Basi likilala mjini," alisema, "litajaa mjini." Nimelifikiria wazo hilo tangu siku ile na sijaona lilipoharibika.

Tulirudi Malindi jioni ile ya Jumapili kwa Probox nyingine. Msichana alikaa kati yangu na gunia la makaa, begi mapajani, na kwa muda mrefu hakusema. Tulipoanza kuiona minazi tena aliniuliza kama ile habari ya konda wa Tanga ilikuwa ya kweli.

"Kweli kabisa."

"Wanafunzi wawili, kila gari?"

"Wawili tu. Ukibahatika."

"Na magari yanapita mangapi asubuhi?"

Nilijaribu kukumbuka. Nikamwambia labda kumi, labda kumi na matano, kabla ya kengele. Alihesabu kimyakimya, midomo ikicheza.

"Wengi sana hao," alisema. "Mimi ningewahi kituo."

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, tuktuk ilisimama mbele ya kibanda. Mvulana wa soksi ndefu alikuwa wa kwanza kuitwa.